Suruali Inamkaa Vile Vile

"Mguu ndio unavimba, wao wanataka picha ya tumbo!" Mume wangu alikuwa amepandisha sauti kiasi cha kumfikia hata muuza vitasa wa duka la pili. "Siku nikiumwa jino itakuwaje? Watanipiga picha ya kisigino?"

"Wakitaka kisigino utatoa kisigino," nikamjibu. "Tarehe uliyopewa utakwenda."

"Siendi."

"Utakwenda."

"Nimesema siendi! Mimi si mtoto wako."

"Watoto wangu wana akili kukuzidi, na bado wanaogopa giza."

"Wifi, punguza sauti," akadakia dada yake, aliyekuwa amekaa kwenye kiti cha wateja na mkoba wake mapajani kama hakimu. "Mtawakimbiza wateja."

"Wateja gani? Humu ndani naona sanamu la kuvalishia nguo tu, na lenyewe halina kichwa. Ndiyo maana linakubaliana na nyinyi."

Chini ya cherehani mtu akacheka, halafu akajifanya anakohoa. Huyo alikuwa Sentimita, fundi mwenzake mume wangu. Alikuwa amelala chali sakafuni, bisibisi mkononi, anafunga mota. Tunamwita Sentimita kwa sababu ukimwomba asogee kidogo atakuuliza kidogo ya ngapi.

Mota yenyewe aliileta wifi asubuhi hiyo, imefungwa utepe kama zawadi ya harusi, na ndiyo iliyowasha moto. Kwa mujibu wa wifi, mota ikishafungwa mdogo wake hatakanyaga cherehani tena, miguu itapumzika, na maradhi yatakwenda zake. Kwa hiyo picha ya tumbo ya nini? Mume wangu alilidaka neno hilo kama mtu aliyerushiwa kamba mtoni. Nilipofika dukani kutoka kazini walikuwa wameshakubaliana wote watatu kwamba hospitali tumeachana nayo.

Nieleze tangu mwanzo, maana haya mambo yakisikika nusu nusu mimi ndiye ninayeonekana mkorofi.

Mume wangu anashona kwa cherehani ya kukanyaga, mguu wa kulia mbele, wa kushoto umejipumzikia nyuma, tangu sijamjua. Mwishoni mwa mwaka jana mguu wa kulia ukavimba kuanzia kwenye kigimbi hadi juu ya goti. Ngozi iliwaka joto, inang'aa kama imepakwa mafuta. Tukampeleka hospitali kwenye kiti cha magurudumu. Wakasema damu imeganda kwenye mshipa wa ndani. Wakampiga sindano, kisha wakampa vidonge vya kuzuia isigande tena. Daktari wa zamu akamuuliza unafanya kazi gani? Fundi cherehani. Unakaa muda mrefu? Kutwa nzima. Basi, akasema, ni hiyo kazi yako. Akafunga faili, akaita mwingine.

Sote tukaridhika, mimi nikiwemo. Fundi, mguu, kukanyaga. Lilikuwa jibu lililokatwa kwa vipimo vyake.

Akarudi dukani, akajifundisha kukanyaga kwa mguu wa kushoto. Mafundi wa mtaa mzima walikuja kumtazama, wanampigia makofi kama mtoto anayeanza kutembea. Haukupita muda, ukavimba wa kushoto. Unadhani walishtuka? Walifurahi! "Si unaona? Umeuhamishia kazi ambayo haujaizoea." Na wakati huo alikuwa anakunywa vidonge vyake sawasawa. Ninavitoa mimi mwenyewe kila jioni, nasimama mbele yake mpaka ameze, na akishameza namwambia afungue mdomo.

Halafu ukafuata mkono. Mshipa ulitokeza chini ya ngozi ya mkono wa kulia, mwekundu, mgumu kama kamba ya kiatu, ukiugusa anaruka. Ukatulia, ukaibuka mwingine juu kidogo. Mafundi walikuwa na jibu kabla hajakunjua shati: mkasi. Anakata kitambaa kizito cha sare za shule, na mkasi wenyewe ule wa chuma, mzito kama mtoto wa miezi miwili. Basi, ni mkasi.

Kila kiungo kilichovimba kilipatiwa kazi ya kusingiziwa. Kingevimba kichwa, wangesema ni kwa sababu ya kufikiria mitindo.

Mimi ni mtunza ghala. Nina stashahada ya chuo ya kazi hiyo, na kazi hiyo ukiikamua yote linabaki swali moja: kilichopotea kimepotelea wapi? Mzigo ukipotea kwenye rafu ya kulia, ukapotea tena kwenye ya kushoto, kisha ukapotea mlangoni, sikai kuzilaumu rafu. Kuna mtu anaingia humo ndani. Nikamvuta mume wangu mpaka kliniki ya magonjwa ya damu, kwa daktari mwingine, mwanamke mfupi mwenye haraka ambaye hakumuuliza anafanya kazi gani hadi mwisho kabisa.

Alitueleza waziwazi, na nilimpenda kwa hilo. Damu ikiganda mara moja kwa mtu aliyekaa sana, au aliyetoka kufanyiwa upasuaji, au aliyejifungua, sababu inaonekana. Ikiganda tena huku mtu yuko kwenye dawa, ikahama mguu, ikapanda mkononi, hapo daktari hatakiwi kulala. "Mara nyingi hatukuti kitu," alisema. "Lakini wakati mwingine kuna saratani imejificha ndani, kwenye kongosho, tumboni, kwenye pafu, bado haijauma popote, na damu ndiyo inayotangulia kuisemea. Tukiisikia mapema, tunakuwa na cha kufanya."

Mume wangu alikuwa anasoma bango la kunawa mikono lililobandikwa ukutani. Nadhani alilisoma lote na akalirudia.

"Amepungua uzito?" daktari akauliza.

Mizani ya kliniki ilikuwa imetupa uzito wa siku ile. Wa zamani hakuna aliyekuwa nao. Mtu aliyekuja kwa kiti cha magurudumu nani angemsimamisha kwenye mizani? Kwa hiyo swali lilikuwa langu. Nikajibu kwa kujiamini, kama ninavyojibu wakaguzi ghalani. Hapana, daktari. Hajapungua. Nguo zake zote zinamkaa vile vile.

"Anakula?"

"Anakula. Polepole, lakini anakula."

Vipimo vya damu na picha ya kifua havikuonyesha kitu. Picha kubwa ya tumbo akaiweka kwenye foleni ya kawaida, miezi mbele, kwa sababu mashine ni moja na wapo wenye dalili nzito kuliko yeye. "Lakini ukiona anapungua," akaniambia mimi, hakumwambia yeye, "au macho yanaingia unjano, au tumbo linauma hadi mgongoni, usingoje tarehe. Mlete siku hiyo hiyo, mpite moja kwa moja kwangu."

Ndiyo hiyo tarehe tuliyokuwa tunaigombania.

"Wifi," dada yake akaendelea, "wewe unamtafutia mdogo wangu ugonjwa. Mtu amesema miguu, wewe unasema kansa. Midomo mingine bwana!"

"Sikusema mimi. Amesema daktari."

"Daktari amesema labda. Wewe umeibeba hiyo labda mpaka nyumbani, umeilaza kitandani katikati yenu. Umesoma mambo ya ghala wewe, hukusomea udaktari."

"Na wewe umesomea nini? Mota?"

"Mimi nimemlea huyu! Mama alipokuwa kazini mimi ndiye niliyembeba mgongoni. Namjua kuliko wewe."

"Basi mbebe sasa umpeleke hospitali, maana mgongo bado unao."

"Jamani," ikatoka sauti ya Sentimita chini ya meza, "nipisheni waya upite. Sentimita tano tu."

"Wewe nyamaza!" tukamwambia wote wawili, na hilo ndilo jambo pekee tulilokubaliana siku hiyo mimi na wifi.

Mume wangu akainuka. Alikuwa amechoka kusemewa, nikaliona hilo, na sikumwonea huruma. Akaja mpaka katikati ya duka, mbele ya kioo kirefu cha wateja, akanyoosha mikono kama anayepimwa.

"Haya, niangalie," akasema. "Wewe si unajua kuhesabu mali? Nihesabu. Huyo daktari wako alisema wenye kansa wanakonda, siyo? Mimi nimekonda? Hii suruali nilivaa kwenye harusi ya mdogo wako. Iangalie. Inaning'inia? Inavuta? Angalia kiuno, angalia mapaja." Akageuka polepole, kisigino juu ya kisigino, kama mwanamitindo. Wifi akapiga makofi.

"Mwambie! Mwambie mdogo wangu!"

Na suruali ilimkaa. Kusema kweli ilimkaa kama amemwagiwa mwilini. Nilianza kulegea. Nilijisemea labda kweli nimeibeba labda ya watu nikaifanya kubwa. Kisha akamaliza kugeuka, akanipa mgongo, na nikaona mifuko ya nyuma.

Ilikuwa imesogeleana kama wachumba.

Mke wa fundi hujifunza vitu hata bila kutaka. Mifuko ya nyuma ya suruali ya mwanaume hukaa mbalimbali, na katikati hapo panatosha kuweka mkono wako ukiwa umekunjua vidole. Kwa mume wangu nisingeweza kupitisha vidole viwili. Na suruali haisogezi mifuko yenyewe. Mifuko inasogea pale tu mtu anapokula kitambaa huku na huku kwenye mshono wa kati wa nyuma, akashona mwingine ndani zaidi.

"Simama hapo hapo," nikasema.

"Nini?"

"Simama."

Nilimchomoa shati kiunoni mbele ya dada yake na mbele ya mlango ulio wazi. Nikaukamata mkanda wa suruali kwa nyuma, nikaupindua nje. Ndani kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa kinene kama daftari. Nilipokifunua, pembeni mwa mshono mpya nikaona mshono wa zamani, haukufumuliwa, umenyooka mstari mzima. Pembeni yake mstari mwingine. Na mwingine tena, huo mkongwe, wa siku ya harusi. Suruali ilikuwa imepunguzwa mara tatu. Mshono wa mwisho bado ulikuwa na chaki.

Nikaingiza mkono kwenye shati. Hata shati limeliwa pembeni, kulia na kushoto, kazi safi kabisa. Na chini ya shati nikazigusa mbavu zake. Kila usiku mtu huyu analala na fulana, akisema anasikia baridi.

Bisibisi ikawekwa sakafuni kwa adabu.

"Nilimwambia daktari hujapungua," nikasema. Sauti ilinitoka ndogo, nikashangaa. "Aliniuliza mimi. Wewe ulikuwa umekaa pale. Nikamwambia nguo zako zinakukaa vile vile, na wewe ukanisikia, ukaendelea kusoma bango la kunawa mikono. Nimekurudisha nyuma kwenye foleni kwa mdomo wangu mwenyewe, na wewe unanitazama!"

"Mama Pacha, tulia kwanza..."

"Usiniambie nitulie! Mtu mzima hovyo! Umenifanya mimi kuwa shahidi wako wa uongo!" Sauti sasa ilikuwa imerudi yote. Nje, muuza vitasa alizima redio yake. "Na hii kazi hukuifanya peke yako. Hakuna mtu anayeweza kujibandika pini mgongoni. Sentimita! Toka huko chini!"

Sentimita akatoka, kwa kutambaa, magoti yamejaa vumbi. Hakuniangalia. Aliiangalia futi yake iliyomning'inia shingoni kana kwamba imemsaliti.

"Umempunguzia mara ngapi?"

"Shemeji, mimi ni fundi. Mtu akisema punguza, mimi napunguza."

"Sikukuuliza wewe ni nani. Nimekuuliza mara ngapi na lini."

"Ya kwanza alipopata nafuu ule mguu wa kulia. Nikadhani ni chakula cha hospitali." Akaivuta futi shingoni. "Ya pili mguu wa kushoto ulipovimba. Ya tatu juzi."

"Kwa jumla?"

Mwanaume ambaye hajawahi kukosa kipimo maishani mwake alisimama mbele yangu akiupapasa mkono wake wa shati. "Nyingi, shemeji," akasema.

Nilitaka kumpiga na kitu. Karibu na mkono wangu palikuwa na pasi, nikajisogeza mbali nayo.

"Juzi!" wifi akasema. Alikuwa amesimama, mkoba umeanguka, hajauona. "Juzi nilikuwa hapa. Nilikuuliza unaendeleaje, ukaniambia umenenepa, ukajipiga tumbo mbele yangu. Tukacheka!" Akamgeukia mdogo wake na hasira ambayo dakika chache nyuma ilikuwa yangu. "Hata mimi? Mimi niliyekuogesha?"

"Dada, ningekwambia, wewe ungelia."

"Sasa silii? Unafikiri nafanya nini hapa?"

Mume wangu akakaa. Alikaa kwenye kigoda chake cha kushonea, akajikuta mguu umeenda wenyewe kwenye kanyagio, akauondoa.

"Mnataka kujua?" akasema. "Haya. Mimi nimeshona mtaa huu tangu kijana. Watu wanakuja kwangu wakinenepa, nawafungulia. Wakipungua, nawapunguzia. Anayekuja mara moja kupunguza, huyo anafanya mazoezi, au ameachwa na mkewe. Anayekuja mara ya pili namtazama usoni. Anayekuja mara ya tatu..." Akaelekeza kidevu kwenye kona, kule kwenye kamba ya nguo zilizokwisha, ambako kumening'inia koti la kijivu ndani ya nailoni. "Mwenye hilo koti alikuja mara ya tatu. Alisema atalipitia Ijumaa. Na yule mama wa magauni ya ofisini. Na yule mwalimu. Wote mara ya tatu. Hakuna hata mmoja aliyerudi kuchukua. Mimi sihitaji mashine ya kunimulika tumbo, mke wangu. Mimi najua kusoma nguo." Akavuta pumzi. "Mguu naujua. Mtu akiniuliza hali, nasema mguu. Wananipa pole, wananiletea mota. Nikienda huko nikatoka na hilo jina lingine, sitakuwa fundi tena. Nitakuwa yule anayepunguziwa."

Ningeweza kumkumbatia. Mwanamke mwingine angemkumbatia. Mimi nilikasirika mpaka nikaona duka linazunguka.

"Hivi unajisikia?" nikamwambia. "Mwenye koti alipopungua alikwenda wapi?"

"Alikuja hapa."

"Yule mwalimu?"

"Alikuja hapa."

"Kila mtu aliyekuwa anakwisha alikuja kwako! Hawakwenda hospitali, walikuja kwa fundi, fundi akawashonea vizuri, wakajiangalia kwenye kioo hiki hiki wakaona hawajambo. Wamekufa wakiwa wamependeza! Sasa unaniambia hiyo ndiyo elimu yako? Umeona watu wamekufa kwa kujificha ndani ya nguo, na wewe ukajifunza kujificha ndani ya nguo?"

Akaligeukia lile koti la kijivu.

"Mara ya tatu haimuui mtu kwa sababu ni ya tatu. Ni kwa sababu amepoteza muda wa ya kwanza na ya pili akiwa amesimama hapa anabandikwa pini. Na wewe mwenzao ulikuwa na bahati ambayo hawakuwa nayo. Damu yako imepiga kelele mapema. Imepiga kelele mguu wa kulia, ukasema kukanyaga. Ikapiga wa kushoto, ukasema kubadilisha. Ikapanda mkononi, ukasema mkasi. Sasa inataka ifanye nini? Ije na barua?"

"Na kama nikienda nikaambiwa imechelewa?"

"Utaambiwa wewe na mimi, tumekaa. Wala huwezi kujua imechelewa. Hujui hata kama ipo! Unakufa kwa kitu ambacho hakuna mtu amekiona!"

Wifi akafungua mdomo. Nilimtolea jicho, nikijua sasa inakuja hadithi ya kwamba tusubiri, tushauriane, tuite ukoo. Lakini alisema, "Daktari alisema akipungua aletwe siku hiyo hiyo?"

"Siku hiyo hiyo."

"Basi leo ndiyo siku yenyewe." Akaokota mkoba. "Umesikia wewe? Inuka."

Tulimtazama wote watatu. Nilijua siwezi kumbeba. Ningeweza kupiga kelele mpaka jioni, na bado miguu ile, yote miwili, ilikuwa ya kwake. Nikasubiri. Mimi kusubiri siwezi. Nilibana meno mpaka taya likauma.

Akajishika mkanda wa suruali kwa nyuma, pale nilipokuwa nimeupindua, akauvuta mbele kidogo kama anayepima. Kisha akachukua wembe wa kufumulia kutoka kwenye droo ya cherehani, akaninyooshea, akasimama na kunipa mgongo.

"Fumua," akasema.

"Nini?"

"Nikifika pale nimevaa hivi nitamwambia sijambo. Najijua. Nitaingia, nitatabasamu, nitamwambia mke wangu ana wasiwasi. Fumua yote, mpaka ule mshono wa harusi. Kwanza kule kwa daktari ulisema zinanikaa. Sasa aone zinavyonikaa."

Nikapiga goti nyuma yake. Sikufumua kwa upole. Nilikata uzi wa mshono wa juzi, nikauvuta, ukatoka mrefu mzima kwa sababu Sentimita anashona vizuri, laana yake. Nikakata wa pili, kisha wa tatu. Uzi uliruka ukanishika kwenye nywele na midomoni, nautema, naendelea. Kitambaa kilifunguka huku na huku na mifuko ikaachana. Kiuno kikapanuka, kikapanuka tena, na nilipofika mwisho suruali ya mume wangu ilitaka kuanguka, akaidaka kwa mkono. Paliingia ngumi yake nzima kati ya nguo na tumbo, na nafasi ikabaki.

Wifi akaziba macho. Sentimita ndiye aliyeangalia, akaangalia kweli, safari hii bila futi.

"Chukua mkanda wangu, fundi," akasema, anajifungua.

"Acha. Nitashika."

"Watu watakucheka njiani."

"Wacheke."

Nilimwambia Sentimita aende kuwachukua pacha shuleni, na nikamwambia kwamba mimi na yeye hatujamaliza. Akasema anajua. Wifi alikuwa ameshatoka barabarani, anasimamisha teksi kwa mikono miwili kama anayezuia treni. Mume wangu akapita mbele ya muuza vitasa, ngumi kiunoni, mguu mmoja ukiburuta kidogo. Muuza vitasa akainua mkono kumsalimia, akaona, akaushusha.

"Vipi, jirani? Mguu tena?"

"Hapana," mume wangu akasema. "Nimekonda. Nakwenda kuangaliwa."

Alikuwa amelisema kwa sauti, mchana, barabarani. Akafungua mlango wa mbele akaingia, suruali yake mkononi. Mimi nikaingia nyuma na wifi. Dereva akauliza tunakwenda wapi, na kabla sijafungua mdomo akajibu mume wangu: hospitali kubwa, lango la kliniki, na upite njia ya nyuma ya soko kwa sababu ya mbele muda huu imejaa.

Bado nilikuwa na hasira naye. Nilikuwa na hasira na Sentimita, na daktari yule wa zamu, na mashine iliyo moja. Hasira hiyo nikaikunja vizuri nikaishika. Kama mtu wa mapokezi angetuambia turudi tarehe yetu ikifika, nilitaka aikute bado ya moto.

Gari likaondoka.